Faili Moja la Namakwili

Siku ya nane tangu Safina azikwe, Inspekta Mwanne alishuka kwenye gari mbele ya kituo cha polisi Ruangwa, begi la kompyuta begani na jalada la kesi kwapani. Alikuwa ametoka Lindi alfajiri. Makosa ya kompyuta ya mkoa mzima huishia mezani kwake, na Mkuu wa Upelelezi wa wilaya alikuwa amemweleza kwa simu, kwa ufupi kama mtu anayetaka kumaliza jambo linalomchoma: mtoto wa miaka mitatu amekufa, kompyuta ndiyo iliyotoa kipimo cha dawa, na fundi wa kompyuta yuko mahabusu. Jumatatu anapelekwa mahakamani. Kwa kosa gani, hilo ndilo Mwanne alitakiwa kusema.

Jalada lilikuwa jembamba. Jumanne, saa nne asubuhi, Kaimu, mkulima wa korosho, alimfikisha binti yake Safina kwenye Kituo cha Afya cha Namakwili kwa pikipiki, mkewe Mwamina akiwa amempakata mtoto nyuma. Mtoto alikuwa na homa na degedege. Muuguzi Josephina alimpima uzito, kilo kumi na mbili, akauingiza kwenye programu iitwayo Kipimo, na mashine ikatoa karatasi: mililita moja na nusu. Akavuta dawa, akachoma. Degedege likakoma. Dakika chache baadaye pumzi nayo ikakoma.

Shida ilikuwa kwenye vichupa. Tangu Agosti vilikuwa vikiletwa vichupa vipya, dawa ileile lakini yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Kwa sababu hiyo Kipimo ilitengenezewa toleo jipya, na tarehe 22 Septemba fundi wa mradi, Twalha, alilituma kutoka ofisini kwake Nachingwea kwenda kwenye kompyuta thelathini na moja za wilaya za Ruangwa na Nachingwea. Kwa toleo jipya, Safina angepewa robo tatu ya mililita. Karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada ilisema moja na nusu.

Chini ya ukurasa wa mwisho, mwandiko wa askari fulani uliongeza: *Mtuhumiwa aliwahi kumposa mama wa marehemu, akakataliwa.*

Mwanne aliusoma mstari huo mara mbili, kisha akaomba mtuhumiwa aletwe.

Twalha alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, shati limekunjamana kwa kulaliwa. Aliketi bila kuegemea kiti.

"Ulimjua Mwamina?" Mwanne alianza hapo makusudi.

"Tumekulia Malolo sote, afande. Nilipeleka posa kwao, miaka saba sasa. Wakampa Kaimu. Nikanuna mwezi mzima, nikaacha."

"Kaimu anasema siku ya harusi ulitamka kwamba hawatakaa kwa raha."

Twalha alitazama mikono yake. "Nilitamka. Nilikuwa mjinga. Neno la mdomoni miaka saba iliyopita, leo limekuwa sindano?"

"Nieleze ya tarehe 22."

"Nilituma kifurushi chenye toleo jipya saa saba mchana. Kinasakinishwa kimyakimya, afande. Muuguzi haoni dirisha lolote, haulizwi kitu, habonyezi ndiyo wala hapana. Tulichagua hivyo ili wagonjwa wasisubiri. Kikimaliza, kila kompyuta inaniletea namba. Sifuri maana yake hakuna kosa. Zote thelathini na moja zilirudisha sifuri. Namakwili pia."

"Ulikwenda Namakwili kuhakikisha?"

"Hapana."

"Ulimpigia mtu yeyote, ukamwambia achapishe karatasi moja ya majaribio?"

"Hapana. Niliona sifuri, nikaamini."

"Karatasi iliyomuua mtoto ni ya toleo la zamani, Twalha. Ama sifuri yako imedanganya, ama kuna mkono ulirudisha faili la zamani baada ya wewe kutuma. Wenye ufunguo wa kuingia kwenye kompyuta zile kwa mbali ni wangapi?"

"Mimi peke yangu," alisema. Aliposikia alichokisema, macho yakamjaa machozi.

*

Namakwili iko mbele ya Nkowe, barabara ya vumbi jekundu kati ya mashamba ya mikorosho. Ulikuwa msimu. Mabibo yalikuwa yameiva, na harufu yake tamu iliyoanza kuchacha iliingia hadi ndani ya gari. Kituo cha afya kilikuwa na majengo mawili na mti mmoja wa mwarobaini. Wagonjwa walikuwa wachache. Mwanne alihesabu wanne kwenye benchi lenye nafasi ya ishirini.

Chumba cha dawa kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya polisi. Josephina, aliyesimamishwa kazi, aliitwa kutoka nyumbani kwake nyuma ya kituo. Alikuja na kanga mbili, bila sare, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Ingia, Sista."

"Nitasimama hapahapa."

"Siku ile ulisoma maandishi kwenye kichupa?"

"Nilisoma jina la dawa. Nguvu yake sikusoma." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikutetemeka. "Kizibo rangi ileile, karatasi yake rangi ileile. Tuliambiwa kwenye semina, aminini karatasi ya mashine, acheni hesabu za kichwani, zinaua. Nikaiamini karatasi."

"Kati ya tarehe 22 na siku ile, kuna mtu aligusa kompyuta hii? Fundi, ndugu, yeyote?"

"Hakuna. Hata umeme wa jua ulitosha siku zote, haikuzimika."

"Mliwahi kuitumia dawa hiyo kwa mtoto mwingine katika siku hizo?"

"Safina alikuwa wa kwanza." Hapo ndipo alipofunika uso kwa upindo wa kanga. "Wa kwanza, afande. Vichupa vilikuwa havijafunguliwa."

Mwanne hakuiwasha kompyuta ile palepale. Aliifungua, akatoa diski, akaichukulia nakala kamili, na diski yenyewe akaifunga ndani ya bahasha, akaiandika kuwa kielelezo na kumpa askari aliyefuatana naye aweke saini. Kazi yote iliyofuata aliifanya kwenye nakala, juu ya meza ya kupimia watoto, feni ndogo ikimvumia shingoni.

Alianza na yale mepesi. Nafasi kwenye diski ilikuwepo tele. Programu ya kuzuia virusi haikuwa imekamata kitu. Kifurushi kilikuwa na ruhusa zote kilizohitaji. Alipofungua Kipimo, ilijitambulisha yenyewe kwa namba ya toleo jipya, mchana kweupe. Akaingiza kilo kumi na mbili. Mililita moja na nusu.

Alifungua folda yenyewe. Kifurushi kilipaswa kuweka mafaili matano. Manne yalikuwa mapya, yote ya tarehe 22 Septemba. La tano, lenye jedwali la vipimo, lilikuwa la zamani.

Askari aliyekuwa pembeni aliinama kutazama. "Basi alilitoa, afande. Kaacha manne ya kuonyesha, kalitoa moja la kuulia."

"Huenda," Mwanne alisema. "Tutaliuliza lenyewe."

Aliirudisha nakala ile nyuma, hadi ilivyokuwa asubuhi ya tarehe 22 kabla ya kifurushi kufika. Kisha akakiendesha kifurushi kilekile, kwa ukimya uleule, ila safari hii alikiamuru kiandike kila hatua kinayoipiga. Hakuna dirisha lililofunguka. Hakuna sauti. Baada ya sekunde arobaini kikarudisha sifuri, kama kilivyofanya kwa Twalha. Akatazama folda: manne mapya, moja la zamani.

Askari alinyooka taratibu. Twalha alikuwa mahabusu Ruangwa, na hakuna mkono uliogusa kitu.

Maandishi ya kifurushi yalikuwa kurasa mia na zaidi. Mwanne aliyapitia mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Saa tisa na nusu aliufikia ule alioutafuta. Uliandikwa kwa Kiingereza kikavu cha mashine, naye akamsomea askari kwa Kiswahili: faili lililopo limebadilishwa baada ya kuundwa, litaachwa kama lilivyo.

"Maana yake nini?"

"Kila faili lina tarehe mbili. Ya kuzaliwa, na ya kuguswa mara ya mwisho. Faili ambalo halikuguswa na mtu, tarehe zake ni moja. Kifurushi kikikuta ile ya kuguswa ni ya baadaye, kinasema mwenye nyumba amelirekebisha kwa haja yake, tusimharibie. Kinaliacha, kinaendelea na mengine."

"Na hakisemi?"

"Kiliambiwa kiwe kimya. Na kuliacha faili, kwake yeye, si kosa. Kwa hiyo sifuri."

Alilifuta faili la zamani kwenye nakala, akairudia kazi yote tangu mwanzo. Yaliingia matano. Akaingiza kilo kumi na mbili. Karatasi ilitoka: robo tatu ya mililita. Aliishika karatasi ile muda kidogo kabla ya kuiweka pamoja na vielelezo vingine.

Kisha akasoma tarehe za faili la zamani. Lilizaliwa Machi, mwaka juzi. Liliguswa tarehe 19 Julai mwaka huohuo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Twalha aliajiriwa Januari mwaka jana. Wakati faili linaguswa, alikuwa bado mwanafunzi chuoni.

Aliyeligusa aliingia kwa jina la mganga mfawidhi, mkuu wa kituo.

"Sista," Mwanne aliita. Josephina alikuwa bado mlangoni. "Julai mwaka juzi mfawidhi alikuwa nani?"

"Dokta Adinani. Alistaafu Desemba ile, akarudi kwao Ruponda." Alisita. "Afande, mzee yule hawezi kumdhuru mtu. Nusu ya watoto wa hapa wamezaliwa mikononi mwake."

*

Mzee Adinani walimkuta asubuhi ya pili, nyuma ya nyumba yake Ruponda, akianika korosho kwenye turubai pamoja na mkewe. Alikuwa mtu mfupi, mvi zimejaa, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni viti."

Mwanne alijitambulisha, akamwonyesha kitambulisho, na kumweleza kwamba anachukua maelezo kuhusu Namakwili. Mzee alikuwa amesikia juu ya msiba. Alisikitika, akauliza ni mtoto wa nani. Alipoambiwa, akasema, "Namjua. Mama yake alihangaika uchungu siku mbili." Mwanne aliandika. Halafu akatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa jedwali la zamani alilotumiwa kutoka ofisi ya mradi Nachingwea, nyingine jedwali la Namakwili. Yalifanana kila mahali isipokuwa mstari mmoja, wa dawa nyingine kabisa, sehemu ya watoto wachanga.

"Mzee, mstari huu ulibadilishwa tarehe 19 Julai mwaka juzi. Unaukumbuka?"

Adinani alisogeza karatasi karibu na miwani. "Sana. Mimi ndiye niliyeubadilisha." Hakusita hata kidogo. "Walikuja mapacha wa Nkowe, wana siku tatu, mmoja hana hata kilo mbili. Mashine ikatoa mililita mbili. Nikasema haiwezekani, hii si mbili, ni sehemu mbili za kumi. Nukta ilikuwa imesahaulika. Nikahesabu mwenyewe, nikawachoma, wakapona. Lakini siku ile nilikuwa na safari ya Lindi, na nesi aliyebaki alikuwa mgeni. Ningeondoka na kuacha jambo kama lile ndani ya mashine? Nikalifungua faili, nikaweka nukta. Nukta moja tu."

"Wenzako wa vituo vingine hawakuliona kosa hilo?"

"Wenzetu walio karibu na mji huwapeleka wachanga hospitali kubwa. Namakwili ukingoja gari, unazika."

"Ulimwambia mtu?"

Mzee aliinuka, akaingia ndani. Alirudi na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vya kazi, akachambua hadi akapata karatasi moja. Ilikuwa nakala ya barua kwa mratibu wa mradi, Nachingwea, yenye mhuri wa kupokelewa Julai 24. Mwanne aliisoma mpaka mwisho. *Nimerekebisha kwa mkono kwenye kompyuta yetu ya hapa. Naomba mturekebishie na wengine, na mtuelekeze kama kitendo changu kina madhara yoyote.*

"Walikujibu?"

"Hapana. Nilingoja, mwishowe nikastaafu." Alivua miwani. "Mwanangu, umetoka Lindi kwa ajili ya nukta yangu?"

Katika miaka kumi na moja ya kazi Mwanne alikuwa ameulizwa maswali mengi na watu waliokuwa wakificha jambo. Huyu hakuwa akificha lolote, na hilo lilifanya jibu liwe zito zaidi. Angeweza kusema uchunguzi bado unaendelea. Askari kando yake alitazama chini, akitumaini kwamba hivyo ndivyo atakavyosema.

"Ndiyo, mzee," alisema. Akamweleza yote, polepole, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuguswa, na kifurushi kilichopita kimya.

Mke wa Adinani aliacha kugeuza korosho. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nisingeligusa..."

"Jipya lingeingia."

"Na nisingeligusa siku ile..."

"Nesi mgeni angempa mtoto mchanga mara kumi ya dawa," Mwanne alisema. "Hilo nalo nitaliandika. Na barua yako nitaiambatanisha."

Adinani aliikunja bahasha yake ya vyeti, akaikunja tena, mikono ikitafuta la kufanya. "Nipeleke Namakwili," alisema. "Nisimsubirishe Kaimu aje kusikia kwa watu."

*

Kwanza walipitia Nachingwea. Mratibu wa mradi, Emmanuel, alikuwa na ofisi safi na majalada yamepangwa kwa miaka. Barua ilipatikana kwa dakika tano, imetobolewa na kuhifadhiwa vizuri, mahali pake hasa.

"Niliwatumia waliotengeneza programu," Emmanuel alisema. "Wakasema nukta itawekwa kwenye toleo lijalo. Na imewekwa, afande, waweza kuangalia."

"Nimeangalia. Twalha alipoajiriwa, ulimwambia kwamba faili la Namakwili liliguswa kwa mkono?"

Emmanuel alitazama barua.

"Siku anatuma kifurushi, ulimkumbusha?"

"Nilisahau," alisema. Alivuta pumzi, kisha akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayeyasikia maneno yake mwenyewe. "Nilisahau. Nina watoto wawili, afande. Nilisahau tu."

Mwanne alimsomea onyo, akaandika maelezo yake, akachukua saini. Kabla ya kuondoka alisimama ukumbini, akapiga simu Ruangwa. Twalha aandikiwe dhamana leo, alisema. Hakuna dalili ya kukusudia, na sifuri yake ilikuwa sifuri kweli. Uzembe wa kutokagua ataujibu kwa mwajiri wake. Na vituo vyote thelathini na moja vikaguliwe, kila kimoja kichapishe karatasi ya kilo kumi na mbili kabla ya jua kuzama.

*

Nyumba ya Kaimu ilikuwa pembeni ya shamba lake. Korosho zilikuwa zimeanguka zikafunika ardhi chini ya miti, na hakuna aliyeokota. Mwamina alikuwa ameketi mkekani na dada zake wawili. Kaimu alipoliona gari la polisi alitoka, lakini alipomwona anayeteremka, alivua kofia.

"Dokta Adinani. Umekuja kutupa pole?"

"Nimekuja kukueleza, mwanangu. Pole yangu uisubiri mwishoni, kama bado utaitaka."

Alikataa kiti. Alisimama mbele yao, akasimulia mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea na bila kujipiga kifua. Aliposahau tarehe, Mwanne alimkumbusha. Alipofika kwenye barua, aliipita haraka, kana kwamba ni jambo dogo, na Mwanne akamkatiza na kuisoma yote kwa sauti.

Kaimu ndiye aliyesema kwanza. "Twalha je?"

"Hakufanya," Mwanne alijibu. "Aliwatumia Namakwili kilekile alichowatumia wengine."

"Mimi niliwaambia polisi ni yeye. Niliapa."

"Uliwaambia ulichokiamini."

Mwamina alikuwa hajainua kichwa. Mmoja wa dada zake alimshika bega, Mwamina akautoa mkono ule taratibu.

"Afande," alisema, "nataka nielewe jambo moja. Katika hawa wote uliowataja, hakuna aliyetaka mwanangu afe?"

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mwamina aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. "Siku nane nilikuwa namlaani Twalha. Nikiamka namlaani, nikilala namlaani. Ilikuwa inanisaidia." Sauti ilimkatika. "Sasa mnaniondolea hata huyo. Mnanipa nukta. Nitaifanya nini mimi nukta?"

Mzee Adinani aliinama, akakaa chini mchangani mbele ya mkeka, nje kidogo, mahali pa mtu ambaye hajui kama amekaribishwa. Alilia bila kuficha uso. Kaimu alimtazama, kisha akatazama shamba lake.

Mwamina akasogea, akaacha nafasi mkekani.

"Sogea huku, baba," alisema. "Mchanga una siafu."